Beji Iliyokaa Nusu Kidole Juu

4 Februari

Mdogo wangu Nyundo,

Nimekupigia simu mara tatu wiki hii. Mara zote umeitikia "Nani?", nikasema ni dada yako, ukauliza tena "Nani?", mwisho ukanikatia. Miaka thelathini ya kugonga mabati imekumaliza masikio, na meseji unazisoma baada ya mwezi, basi nimerudi kwenye karatasi na kalamu. Si vibaya. Kwenye simu ningesahau nusu ya haya.

Sisi wazima. Mgongo wangu ni ule ule, na cherehani haina huruma. Shule imeniagiza sare mia na ishirini, zote za kijani, mpaka nikifumba macho naona kijani. Hilo tuliache.

Jambo lenyewe ni shemeji yako. Tangu astaafu mwaka jana amekuwa mtu wa kukaa mlangoni akiangalia magari ya watu yakipita. Mtu aliyeshika usukani miaka ishirini na sita hajui aiweke wapi mikono. Sasa ametaka kununua gari, na sina neno, kiinua mgongo ni chake, amekitolea jasho. Ila gari alilolipenda limenishangaza. Huyu ndiye ambaye madereva wenzake walimpa jina la Taratibu, kwa sababu havuki themanini hata barabara ikiwa tupu. Na gari alilochagua pale yadi ni mojawapo ya yale yenye herufi nyekundu nyuma. Mwenye yadi anasema herufi ile ndiyo inayotenganisha magari ya kukimbia na magari ya watu wa kawaida, na bei aliyoitaja inaonyesha anaamini anachosema. Nilimuuliza mume wangu, kasi hiyo ataipeleka wapi. Akasema amelipenda, basi, akaenda kuoga.

Nikutolee la moyoni. Unakumbuka siku aliyoagwa kazini. Mkurugenzi wake alimwahidi miaka mingi, tena mbele ya watu, kwamba siku akistaafu atamwachia lile gari la rangi ya fedha alilolitunza. Nalo lilikuwa na herufi hiyo hiyo nyekundu. Siku ikafika, akapewa saa ya ukutani. Madereva wenzake walipiga makofi huku wakiangalia viatu vyao. Mimi niliapa siku ile kwamba gari lile na mwenyewe visinikaribie mlangoni mpaka nife. Na hebu ona, sikuwahi hata kulikanyaga, maana ofisi ilikataza familia za madereva kupanda. Kazi yangu kwenye gari lile ilikuwa moja tu: kiti cha dereva kilipochanika mshono, Mkurugenzi hakuona haja ya kukitengeneza kwa kuwa si yeye anayekikalia, mume wangu akakifungua akakileta nyumbani, nikakishona kwa mkono.

Kwa hiyo nahisi shemeji yako hatafuti kasi. Anatafuta ile herufi. Tarehe 21 Machi madereva wastaafu wanakutana na magari yao, na wale wazee hawasalimiani kabla ya kufungua boneti na kukagua kama madaktari. Nakutumia picha ya gari, ya mbele na ya nyuma. Liangalie kwa jicho lako la ufundi, uniambie kama ni la kweli. Alishaaibishwa mara moja mbele ya wale watu, sitaki iwe mara mbili.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua nimeipata, na picha nimeziona. Masikio ni mabovu kweli, lakini ile siku ya tatu nilikata kwa sababu nilidhani ni yule mteja wa pikapu anayenidai mlango wake.

Kuhusu gari, mwambie shemeji aangalie jingine. Rangi nyeusi ni mateso, vumbi la asubuhi linaonekana hadi jioni. Halafu magari yale ya herufi nyekundu yana springi ngumu, ukipita juu ya kijiti unakihisi kwenye meno. Kwa mgongo wako, dada, halifai. Yapo ya aina hiyo hiyo, umbo lile lile, ambayo hayana herufi, na ni raha tupu kupanda. Mwenye yadi anayo mawili matatu, naamini, na bei yake ni ya kibinadamu.

Zaidi ya hapo sina la kusema. Kazi ipo, leo nina milango minne ya kunyoosha.

Nyundo


16 Februari

Nyundo,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili kutafuta jibu la nilichouliza, sijaliona. Nimeuliza kama gari ni la kweli. Umenijibu habari za vumbi.

Tena umeanza lini kuujali mgongo wangu? Mwaka mzima hukuuliza, leo gari la shemeji yako ndilo limekukumbusha. Nitasema bila kuzunguka: nimenusa kijicho. Wewe una nyundo na kopo la rangi, yeye anataka kuingia kwenye gari zuri kwa mara ya kwanza likiwa lake mwenyewe, imekuuma. Sahau yote, lakini usisahau nani alikushika mkono ukiwa huna mbele wala nyuma, akakupeleka kwa yule fundi mkuu na kukuombea nafasi. Alisimama pale gereji kuanzia asubuhi mpaka saa nane akisubiri fundi amalize kukataa.

Nilimsomea maneno yako kuhusu springi. Akaniuliza kama umesema kitu chochote kuhusu beji yenyewe, yaani ile herufi. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akaendelea kula.

Mwenye yadi amemwambia kuna mtu mwingine analitaka. Kama una neno, liseme sasa. Kama huna, usimharibie mwenzako furaha.

Dada yako


22 Februari

Dada yangu,

Kijicho sina. Nina aibu, na aibu ndiyo iliyoniandikia ile barua ya vumbi.

Ile beji niliibandika mimi.

Nilijua mara tu nilipoona picha ya nyuma. Ngoja nikueleze nilivyojua. Zamani, nilipoanza kuombwa kazi hizi, nilitengeneza kipimo cha karatasi ngumu kutoka kwenye boksi la viatu. Nilikipima kwenye gari la kweli lililokuwa gereji, kutoka ukingo wa bampa hadi chini ya herufi. Ambacho sikujua ni kwamba gari lile lilikuwa limegongwa nyuma, na bampa lilirudishwa likiwa limeshuka kidogo. Kwa hiyo kipimo changu kina kosa. Kila beji niliyobandika imekaa nusu kidole juu kuliko ya kiwandani. Niligundua miaka miwili baadaye, la kweli lilipoegeshwa kando ya langu, lakini nilikuwa nimeshabandika nyingi, na watu wakawa wamelizoea lile kosa kuliko usahihi wenyewe. Nikaacha. Leo nikitembea mjini nayatambua yangu yote.

Hilo la picha nakumbuka hata mwezi. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mwenye yadi aliniletea magari matatu niyapake rangi. Hili lilikuja la fedha, nikalitoa jeusi, na beji nikairudisha kwa kipimo kile kile. Sikujua linakwenda mji gani wala kwa nani. Huwa siulizi, na huko kutouliza ndiko kumenifikisha hapa.

Sasa nikuambie biashara ya beji ilivyo, ili umwambie shemeji kama ninavyokwambia. Gari la kukimbia kweli, lile lililotoka kiwandani na herufi yake, ni gari jingine kabisa chini ya bati. Injini ni nyingine, diski za breki kubwa kama sahani za karamu, springi ngumu, hata matairi ya nyuma ni mapana zaidi. Kiwanda hicho hicho kinauza pia gari la kawaida lililovishwa nguo za lile la kasi: usukani, viti vya kukumbatia, rimu, na kibeji kidogo ubavuni. Huo si wizi, karatasi zake zinasema wazi, ila mnunuzi asiyesoma hudhani amepata farasi. Kuna na beji za anasa, zile za maandishi ya fedha yaliyolala. Zenyewe zinakuahidi ngozi, mbao na vioo vinene vya kuzuia kelele, na mara nyingi zinatimiza, kwa kuwa uongo wa kiti mtu anaugundua kwa makalio siku hiyo hiyo. Uongo wa injini unaweza kukaa miaka kumi bila mtu kuugusa. Halafu ndipo inakuja ya kwangu, ambayo ni kipande cha plastiki chenye gundi nyuma.

Na wanaonunua, dada, nimewaona wa kila namna. Yuko aliyenunua la kweli, akalipa mara mbili, na tangu hapo analipeleka sokoni na kulirudisha. Yuko aliyekuja niibandue beji ya kweli, maana kila ndugu akiiona anakumbuka shida zake. Nikaibandua kwa nusu saa: mashine ya kukaushia nywele kulainisha gundi, halafu uzi mgumu nyuma yake, unakata kama msumeno. Wiki hiyo hiyo akaja mwingine nimbandikie ya uongo, ili wakwe wamheshimu. Wa kwanza alitoka akipiga mluzi. Wa pili alizunguka gari lake mara nne, akaniuliza kama inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Nilikuwa nawavika watu kilemba cha ukoka, nikajisemea hawaumii kwa kuwa wamekiomba wenyewe. Sikuwahi kumfikiria anayenunua baada yao.

Mwambie shemeji asilipe. Mwambie mimi ndiye niliyesema, na kama hataki tena kuniona, atakuwa na haki yake.

Nyundo


1 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika Jumanne. Gari limefika Jumatatu.

Lipo uani hivi ninavyoandika, karibu na kamba ya nguo. Barua nimeificha kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo. Sijamwambia.

Kwanza nisamehe la kijicho. Lilinitoka.

Pili nikueleze nilivyobanwa. Shemeji yako anaamka saa kumi na mbili, analiosha gari ambalo halijakwenda popote. Ile beji anaisugua kwa mswaki wa zamani, polepole, kona kwa kona, kisha anarudi nyuma hatua mbili na kuiangalia. Mtu ambaye mwaka mzima alikuwa haongei anaimba. Nimwambie nini mimi? Kwamba anasugua plastiki ya shemeji yake?

Siku ile ya kwanza alinipeleka kliniki ya mgongo. Nikashika mlango wa mbele, akaniwahi, akanifungulia wa nyuma. Nikadhani ni mazoea ya kazi, nikacheka, nikapanda. Kumbe ndivyo alivyotaka. Kila tunapotoka ni hivyo hivyo, mimi nyuma kushoto kama mke wa waziri, yeye mbele peke yake, tunaongea kupitia kioo kile kidogo. Nikimwambia nataka kukaa mbele anasema, "Hapo ndipo pako." Majirani wameanza kunisalimia kwa kuinama kidogo, wananitania tu.

Na unajua kilichoniumiza zaidi? Gari linateleza. Tulipita barabara ya machimbo yote na mgongo haukuniuma hata kidogo. Kabla ya barua yako ningefurahi. Sasa kila tuta ninalopita bila maumivu linanithibitishia kwamba springi si zile ngumu, yaani ulichosema ni kweli.

Tarehe 21 inakuja. Ameshaniomba nimpigie pasi suti yake ya kazi. Watafungua boneti, Nyundo. Wale watu wameishi kwenye magari, hawatahitaji hata dakika. Nakuomba uje kabla ya siku hiyo, useme umekuja kutusalimia, halafu ubuni sababu yoyote, sema beji imeoza, sema sheria imebadilika, uitoe. Akiulizwa atasema gari ni la kawaida, hakuna aibu kwa gari la kawaida. Aibu ni kujisifia kitu ambacho huna.

Usiniandikie nyumbani habari hizi waziwazi. Siku hizi yeye ndiye anayekwenda posta, kwa kuwa ana gari.

Dada yako


9 Machi

Shemeji,

Salamu. Hapa hatujambo. Nimetoka posta saa nne na robo, nimekaa ndani ya gari, naandikia juu ya usukani.

Mimi si mtu wa maneno mengi, unanijua. Lakini barua za dada yako mimi ndiye ninayezibandika stempu, na tangu mama yenu afariki hajawahi kukuandikia mara nyingi namna hii. Kila nikitoka kuosha gari ananitazama kama mgonjwa. Halafu mwenye yadi aliniambia rangi ilipigwa gereji gani. Nikajumlisha.

Beji ni ya kwako. Najua. Imekaa nusu kidole juu.

Nimeiosha beji ile miaka tisa, shemeji. Sisemi inayofanana nayo. Gari hili ndilo lile. Siku moja Mkurugenzi alilipeleka mjini kwenu kwa matengenezo ya siku tatu, akaendeshewa na mtu mwingine. Lilikwenda bila herufi, likarudi na herufi. Nilipokanyaga mafuta kutoka pale getini nilijua kwamba hakuna kilichoongezwa isipokuwa ile plastiki. Sikusema. Dereva anasikia mengi na haulizwi.

Akaanza kuwapakia wageni nyuma na kuwaeleza gari linavyovuta. Mgeni mmoja akasema tujaribu. Nikamwona Mkurugenzi kwenye kioo, uso umemshuka. Basi nikaendesha polepole. Nikasema barabara ina utelezi. Siku iliyofuata nikasema matairi bado mapya. Baadaye sikuhitaji kusema kitu, ikawa ndiyo tabia yangu, wenzangu wakanipa jina. Kabla ya hapo, shemeji, nilikuwa naendesha vizuri tu, na nilikuwa nafika. Miaka tisa nimechekwa kila kijiwe cha madereva kwa ajili ya heshima ya mtu mwingine. Ndiyo maana aliniahidi gari. Hakuwahi kutamka sababu, ila tulijuana kupitia kioo.

Kisha akanipa saa.

Nilipoliona pale yadi lilikuwa jeusi, ila nilisogea kwa sababu ya jinsi ile beji ilivyokaa juu. Nikafungua kifuniko cha mafuta, ndani ukingoni bado ni fedha. Nikaketi. Kiti kilinipokea kama godoro langu. Nikaingiza mkono chini, upande wa mlango, nikakuta kitu ambacho nacho nakifahamu. Pale pale nikamwambia mwenye yadi nalitaka.

Sasa dada yako aliapa kwamba gari lile lisimkaribie mlangoni. Ninamheshimu, na hasira ile ilikuwa kwa ajili yangu. Hajui kwamba ndilo. Nitamwambia mwenyewe baada ya tarehe 21, nikiwa nimemaliza jambo langu na wenzangu. Nakuomba usimwambie.

Namkalisha nyuma kushoto kwa sababu miaka ishirini na sita nilimpa mtu mwingine nafasi ile kila asubuhi, huku mke wangu akienda kwa miguu kwenye kazi yake ya kushona.

Ombi la pili. Niandikie beji inavyobanduliwa bila kuharibu rangi. Tuma kwa anwani ya posta, nitaichukua mwenyewe.

Nashukuru. Rangi umeipiga vizuri.

Shemeji yako, Taratibu


14 Machi

Dada,

Shikamoo. Hii naituma kwa anwani ya shule ya sare zako, asiichukue shemeji. Sitakuja kabla ya tarehe 21, na hakuna sababu ya kuja. Usiwe na wasiwasi na ile siku.

Shemeji ameniandikia. Ameniomba nisikwambie jambo fulani, nami nimekubali, na kwa niliyomfanyia siwezi kuanza kwa kuvunja hilo. Lakini hakunikataza kukuelekeza. Akiwa ameoga au amelala mchana, fungua mlango wa dereva, ingiza mkono chini ya kiti, upande wa mlango, papasa ukingo wa ndani. Usiangalie. Wewe vidole vyako vinatosha.

Ukishajua, nakuomba usimpigie kelele kabla ya kukaa siku moja.

Kile kipimo cha boksi la viatu nimekikata vipande na kukichoma pamoja na matambara ya rangi. Jana alikuja mtu na beji yake mfukoni, nikamwambia sifanyi tena kazi hiyo. Akaniambia kuna fundi mwingine mtaa wa pili. Nikamwambia najua.

Nyundo


23 Machi

Mdogo wangu,

Nilifanya ulivyosema. Alikuwa amejilaza baada ya chakula. Nikapiga magoti uani kama mwizi, nikaingiza mkono.

Mshono wangu naujua, Nyundo. Huwa narudisha sindano nyuma kila hatua ya nne, mama alinifundisha hivyo na sijaona mwingine anayefanya. Nilihesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nyuma. Moja, mbili, tatu, nyuma. Ndipo nikainama kuangalia. Uzi wa kijani wa sare, kwenye ngozi ya gari la Mkurugenzi. Siku ile nilipokishona sikuwa na uzi mwingine mgumu.

Nilikaa pale chini mpaka miguu ikafa ganzi. Hasira ilinipanda, sikufichi. Nilitaka kumwamsha nimuulize vipi amelileta kwangu gari lile, tena kwa kulinunua, kitu alichoahidiwa bure. Nikakumbuka ulivyoniomba. Nikakaa siku moja, ikawa mbili. Siku ya pili nilikuwa nimekaa nyuma kushoto, tunatoka dukani, akaniuliza kupitia kioo kama niko sawa hapo. Nikamwangalia yule mzee na shingo yake, nikaelewa kwa nini ananikalisha pale. Nililia kimya kimya, nikamwambia ni vumbi.

Asubuhi ya tarehe 21 akaniomba uzi mgumu, kiasi cha mkono mmoja. Nikamkatia wa kijani. Hakuuliza kwa nini nimechagua huo wakati nilikuwa na mweusi mezani, akaukunja akautia mfuko wa koti. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba najua.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Walikuwa kumi na saba na magari yao, kwenye uwanja nyuma ya stendi ya zamani. Wakamzunguka. Kabla hawajagusa kitu, yeye mwenyewe akafungua boneti, akarudi nyuma, akakunja mikono. Wakainama. Yule mzee aliyekuwa akiendesha gari la benki akanyoosha mgongo, akaenda nyuma, akaitazama beji ilivyokaa juu, akairudia injini, akasema, "Hili si lile la Mkurugenzi?" Mume wangu akasema ndilo. Mzee akauliza, "Na siku zote lilikuwa na injini hii?" Mume wangu akasema siku zote.

Walichelewa kidogo kuelewa. Halafu yule mzee akamshika bega, akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unamsitiri." Basi. Mmoja akaanza kucheka, akafuata mwingine, mpaka wakawa wameegemea magari. Hawakumcheka yeye, Nyundo, nilikuwa nawaangalia nyuso. Wengine walivua kofia. Dereva mmoja aliyekuwa amemtania zaidi ya wote alimwendea akampa mkono, wakakaa wameshikana mikono muda mrefu.

Kisha akaomba mashine ya kukaushia nywele kwenye saluni ya ng'ambo, wakavuta waya mpaka pale. Akaipasha beji, akapitisha uzi wangu nyuma yake, akawa anakata taratibu, wote wamemzunguka. Ikadondoka kiganjani mwake. Gundi iliyobaki aliiviringisha kwa kidole gumba mpaka bati likawa safi. Umefundisha vizuri, rangi haina hata mchubuko. Beji nimeitia ndani ya bahasha hii. Ni yako, ulianza nayo. Usiibandike pengine.

Saa ya ukutani, kwa taarifa yako, nimeipeleka shuleni wanakochukua sare. Ilikuwa inachelewa dakika saba.

Wakati wa kuondoka alizunguka kama kawaida, akanifungulia mlango wa nyuma. Nikamwambia, "Funga. Nimeshakaa vya kutosha huko." Akafunga. Nikafungua wa mbele mwenyewe, nikakaa kando yake. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijawahi kumwona anavyoshika gia. Anaishika kwa vidole vitatu.

Tulipotoka mjini barabara ilikuwa tupu. Akaniangalia, si kupitia kioo, mimi mwenyewe. Nikamwambia hakuna mtu nyuma. Akakanyaga mafuta. Nilishika mkanda kwa mikono miwili, sindano ya kasi ikapita themanini, ikapita mia, daraja likaja na kupita kabla sijamaliza kusema kitu, na gari lile la kawaida halikulalamika. Tulifika nyumbani mchana bado mweupe, na mgongo haukuniuma.

Njoo Pasaka. Utakaa nyuma.

Dada yako